Gor Mahia Tunaipenda Sana, Lakini Nani Anailisha?

Acha nianze kwa kukiri. Ukipita soko la Kibuye Jumapili asubuhi, utaona kijana ametandika turubai chini na juu yake jezi za kijani. Huyo ni mimi. Jezi ni za Gor Mahia, lakini Gor Mahia yenyewe haizijui. Zinatoka Nairobi kwa basi la usiku, nazichukua kwa shilingi 450, nakuuzia kwa 700. Ukijua kubembeleza, tunakutana kwa 600. Klabu inapata ngapi hapo? Sufuri. Hata mbao haifiki.

Nakuambia mapema ili usidhani nimekuja kukuhubiria. Jumapili moja mteja alishika jezi, akaipima kifuani, kisha akaniuliza, "Omera, hii pesa yangu inasaidia timu?" Nikacheka. Akangoja jibu. Nikasema, "Inasaidia mtu." Alilipa akaenda, lakini swali lake limebaki nami. Kwa sababu ukiliangalia vizuri, hilo ndilo swali la Gor Mahia kwa zaidi ya miaka 50 sasa. Pesa zetu, sauti zetu, machozi yetu: zinasaidia timu, au zinasaidia mtu?

Nikaanza kusoma. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sababu nitakuambia, lakini kusoma sijaacha. Na katika kusoma nikakutana na klabu moja ya Uholanzi ambayo hadithi yake ilinikosesha usingizi. Inaitwa PSV, ya mji wa Eindhoven. Subiri kidogo kabla ujiulize Uholanzi inahusu nini Kisumu.

Miezi sita kati ya mataji mawili

Desemba 1987, Gor Mahia ilishinda Kombe la Washindi Barani Afrika. Fainali ilikuwa dhidi ya Esperance ya Tunisia. Mechi ya kwanza kule Tunis iliisha 2-2. Ya marudiano Nairobi ikaisha 1-1. Jumla 3-3, na Gor wakabeba kombe kwa sheria ya bao la ugenini. Nahodha alikuwa Austin Oduor, na jina ambalo kila mzee wa Kisumu hulitaja kwanza ni Peter Dawo, mshambulizi ambaye mabeki wa Afrika nzima walimwogopa. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kushinda kombe la bara. Hakuna.

Sasa sikia. Mei 1988, miezi sita hivi baadaye, PSV ilishinda Kombe la Ulaya, lile ambalo sasa tunaliita Ligi ya Mabingwa. Walishindaje? Kwa sare! Kuanzia robo fainali hawakushinda mechi hata moja ndani ya muda wa kawaida. Walitoka 1-1 na 0-0 na Bordeaux, wakapita kwa bao la ugenini. Wakatoka 1-1 na 0-0 na Real Madrid, wakapita kwa bao la ugenini tena. Fainali dhidi ya Benfica ikaisha 0-0, wakashinda kwa penalti 6-5.

Umeona? Klabu mbili, mabara mawili, zote zimepita kwa sheria ile ile, kwa kukaza roho na kutokubali kufungwa. Ukizipiga picha siku hiyo utasema ni ndugu. Hata mji wa Eindhoven si jiji kubwa la kutisha. Si Amsterdam. Ni mji wa watu wa kazi, mbali kidogo na kelele za jiji kuu, kama sisi.

Baada ya hapo kila mmoja alishika njia yake. PSV ikaleta Romario mwaka huo huo wa 1988, kisha Ronaldo wa Brazil mwaka 1994, akiwa bado kijana mdogo. Gor ikashinda ligi mwaka 1995, kisha ikakaa miaka 18 bila taji la ligi. Miaka 18, msomaji. Mtoto aliyezaliwa siku tuliposhinda alipata kitambulisho kabla hatujashinda tena.

Babangu mdogo alikuwa na miaka 14 mwaka 1987. Anasema walisikiliza fainali kwenye redio ya jirani huko Dunga, enzi za Sauti ya Kenya, na kipenga kilipolia wavuvi waliacha nyavu ufuoni wakacheza mpaka giza. Nilipomuuliza kwa nini tulianguka baada ya pale, akajibu neno moja: "Uchawi." Mimi nadhani jibu liko karibu zaidi na mfuko.

Jina tulilopewa na mganga

Kwa wale wadogo zangu wanaovaa jezi bila kujua jina limetoka wapi: Gor Mahia alikuwa mtu. Gor mwana wa Ogalo, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, kule Ndhiwa, kwenye kaunti ya Homa Bay ya leo. Ndiyo maana tunaimba K'Ogalo. Wazee wanasimulia alikuwa anaweza kujigeuza apendavyo, leo kizee, kesho kitu kingine kabisa. Neno mahia lenyewe ni maajabu.

Klabu ilizaliwa Februari 1968, baada ya Luo Union na Luo Stars kuunganishwa. Mwaka huo huo wa kwanza ikashinda ligi. Yaani mtoto hajafunzwa kutembea, tayari anakimbia. Mwaka 1979 ikafika fainali ya Kombe la Washindi Afrika, ikapigwa na Canon Yaounde ya Cameroon. Mwaka 1987 ikarudi na kulibeba.

Lakini angalia msingi. Gor ilizaliwa na watu, si na kampuni wala na serikali. Watu waliotoka huku ziwani wakaenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa na hata nje ya Kenya, wakataka kitu cha kuwakumbusha nyumbani. Ndiyo maana klabu ina makao Nairobi na moyo Kisumu. Hiyo ni nguvu kubwa. Pia ni tatizo, kwa sababu kitu cha kila mtu mara nyingi hakina mtu. Mali ya ukoo husifiwa na wote, ila siku ya kuezeka paa unabaki na wawili watatu.

PSV walikuwa na nini?

PSV ilizaliwa Agosti 1913. Herufi hizo zinamaanisha chama cha michezo cha Philips, wale wale wa taa na redio. Kiwanda kilikuwa Eindhoven, wafanyakazi walihitaji mahali pa kucheza, kampuni ikawatengea kiwanja. Mwanzoni mpaka uwe mfanyakazi wa Philips ndipo uchezee timu. Sheria hiyo ililegezwa mwaka 1928, na mwaka uliofuata wakashinda ligi kwa mara ya kwanza. Jina la Philips lilikaa kifuani mwa jezi kuanzia 1982 hadi 2016. Uwanja wao mpaka leo uko pale pale walipoanzia, zaidi ya miaka 100.

Hapo utaniambia, "Basi ni rahisi, walikuwa na kampuni tajiri." Nami nilidhani hivyo. Kisha nikakumbuka kwamba sisi pia tulijaribu njia hiyo, hapa hapa kwetu.

Fikiria ukanda wetu wa miwa. Chemelil Sugar ilikuwa kwenye Ligi Kuu. Muhoroni ilikuwa na Muhoroni Youth. Awendo kulikuwa na SoNy Sugar, na hao walishinda Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2006! Kiwanda kina timu, timu ina mishahara, kijana wa kijijini anapata ajira kwa kucheza mpira. Ni PSV kabisa, ila ya miwa.

Kisha viwanda vikaanza kuugua. Madeni, wakulima hawalipwi, mitambo imezeeka. Na kiwanda kilipokohoa, timu ikalazwa. Muhoroni Youth ilishuka mwaka 2017. SoNy Sugar ilitimuliwa ligini mwishoni mwa 2019 baada ya kukosa kufika uwanjani mechi tatu. Bingwa wa zamani, anafukuzwa kwa sababu hana jinsi ya kufika mechini! Chemelil nayo ikashuka msimu huo huo.

Kwa hivyo kiwanda peke yake hakitoshi. Philips pia ilibadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ilihamisha makao yake makuu kutoka Eindhoven hadi Amsterdam, na viwanda vingi vya mji vikapunguzwa au kufungwa. Ingekuwa huku kwetu, hadithi ya PSV ingeishia hapo. Kwa nini haikuishia?

Kwa sababu kampuni ilipolegeza mkono, klabu ilikuwa tayari na nyumba yake. Ilikuwa na uwanja. Ilikuwa na shule ya vipaji. Ilikuwa na watu wanaonunua tiketi za msimu mzima kabla hata mechi ya kwanza haijachezwa. Mwaka 2011 mambo ya pesa yalipobana, manispaa ya Eindhoven ilinunua ardhi iliyo chini ya uwanja na kambi ya mazoezi kwa zaidi ya yuro milioni 48, kisha ikaikodishia klabu. Si zawadi, zingatia. Klabu inalipa kodi. Watu walilalamika, Tume ya Ulaya ikachunguza kama ni upendeleo, na mwaka 2016 ikaona bei ilikuwa ya soko. Kila kitu kwa karatasi, kila mtu anaweza kuuliza. Na kuanzia 2019, kampuni kadhaa za eneo hilo ziliungana zikaweka jina la eneo lao kwenye jezi, badala ya kampuni moja kubeba mzigo wote.

Nyumba, karatasi, na watu wengi wanaotoa kidogo kidogo. Hivyo tu ndivyo vilivyoivusha.

Pesa za haraka

Turudi kwetu. Mwaka 2013 ukame uliisha. Gor ikashinda ligi, ikarudia 2014, na mwaka 2015 ikashinda bila kupoteza mechi hata moja. Msimu huo kijana mrefu anayeitwa Michael Olunga alifunga mabao 19, kisha akapaa: Sweden, China, Uhispania, Japani, Qatar. Mimi nilikuwa bado shuleni. Daftari langu la hesabu lilikuwa na picha nyingi za Olunga kuliko hesabu.

Kisha zikaja pesa za kamari. SportPesa iliingia kwenye jezi na mambo yakang'aa. Julai 2017 Gor ilicheza na Everton Dar es Salaam, Wayne Rooney akafunga, Jacques Tuyisenge akasawazisha kwa kichwa, tukapoteza 2-1 kwa heshima. Novemba 2018 Gor ikaenda mpaka Goodison Park, Liverpool, ikapigwa 4-0. Hata hivyo Kondele tulishangilia kama tumeshinda. Februari 2019 tukaikanda Zamalek ya Misri 4-2 Nairobi, kwenye Kombe la Shirikisho, tukafika robo fainali.

Miezi michache baadaye serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kamari kwa sababu ya mzozo wa ushuru. Agosti 2019 SportPesa ikafuta udhamini wake wote wa michezo nchini. Pesa zikakatika kama umeme wa Nyalenda wakati wa mvua. Klabu ile ile iliyokuwa Goodison Park miezi tisa iliyopita ikaanza kutafuta pesa za mishahara.

Sisemi SportPesa ndio wabaya. Walilipa walipokuwepo. Ninachosema ni kwamba tulijenga bajeti ya familia nzima juu ya mgeni mmoja, na mgeni huondoka.

Na hapa nikuambie kuhusu chuo. Wakati huo huo nilikuwa nimeanza kubeti kwenye simu, kampuni nyingine ambayo sitaitaja kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilianza na mkeka wa shilingi 50. Nikashinda 3,000. Hapo ndipo shetani alinishika mkono. Muhula uliofuata, karo aliyonitumia mama baada ya kuuza samaki miezi minne, niliiweka kwenye mechi sita za Jumamosi. Tano ziliingia. Ya sita ilichana mkeka dakika ya 89. Nilikaa kwenye benchi nje ya jumba la video nikiangalia simu mpaka ikazima. Sikumwambia mama ukweli kwa mwaka mzima.

Kwa nini nakuambia haya kwenye makala ya mpira? Kwa sababu niliangalia Gor na nikajiona. Mimi na klabu yangu tulikuwa na mpango mmoja wa maisha: kungoja pesa kubwa ije kwa mara moja. Hatukuwa na mpango wa pesa ndogo inayokuja kila mwezi.

Bingwa bila tiketi ya Afrika

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka 2023. Gor ilishinda ligi msimu wa 2022/23. Bingwa wa Kenya huenda Ligi ya Mabingwa Afrika, sivyo? Hawakwenda. Walikosa leseni ya CAF kwa sababu ya madeni ya waliokuwa wachezaji na wafanyakazi wa klabu. Kabla ya hapo FIFA ilikuwa imeizuia klabu kusajili wachezaji, sababu ile ile: watu walifanya kazi, hawakulipwa, wakashtaki.

Hebu fikiria uchungu huo. Wachezaji wamekimbia msimu mzima, wameshinda, kisha wanaambiwa safari imefutwa kwa sababu ya deni la mtu aliyeondoka zamani. Peter Dawo na wenzake walienda Tunis wakarudi na kombe. Watoto wao wa 2023 hawakufika hata uwanja wa ndege.

Na ndiyo maana vipaji vyetu hung'ara kwenye nyumba za wengine. Yule Austin Oduor, nahodha wa 1987, ana ndugu anayeitwa Mike Okoth, aliyekwenda kucheza Ubelgiji. Huko Ostend akazaliwa Divock Origi, akalelewa na shule ya vipaji ya Genk, na mwaka 2019 akaifungia Liverpool bao la pili kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Damu ya nahodha wa Gor, bao la fainali ya Ulaya. Kipaji hakikukosekana kwetu. Kilichokosekana ni mahali pa kukilea.

Baada ya Baba

Oktoba 2025 tulimpoteza Raila Odinga. Sitasahau Jumamosi ile Mamboleo, uwanja wa Jomo Kenyatta umejaa tangu alfajiri, watu wamelala nje usiku kucha kumsubiri Baba kwa mara ya mwisho. Jezi za kijani zilikuwa kila mahali. Na ndiyo, siku hizo mbili niliuza jezi nyingi kuliko mwezi mzima. Niliuza nikilia, lakini niliuza.

Baba alikuwa mlezi wa Gor Mahia. Kwa miaka mingi, mambo yakikwama, macho yalielekea kwake na kwa wanasiasa wengine. Nauli haitoshi, piga simu. Mishahara imechelewa, subiri harambee, mheshimiwa atatoa kitu mbele ya kamera. Nashukuru kila aliyetoa. Ila tujiambie ukweli: mlezi si mfumo. Mlezi ni binadamu, na binadamu huondoka. Sasa wanasiasa wanapigania kuvaa viatu vya Baba, na 2027 iko karibu. Amini usiamini, wengi watakuja na skafu za kijani shingoni. Wataahidi basi la timu. Wataahidi uwanja. Wewe utapiga makofi, nami nitawauzia watu wao jezi.

Uwanja wenyewe upo tayari. Mamboleo ilifunguliwa kwa sherehe za Madaraka Dei mwaka 2021. Ni mkubwa na mzuri. Lakini timu inayoupa maisha wikendi baada ya wikendi iko wapi? Kisumu All Stars ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 kwa pesa za kaunti, ikashuka baada ya msimu mmoja. Gor huja kwetu kama mgeni wa heshima: mji unasimama, tunakula samaki, tunaimba, kisha basi linarudi Nairobi. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mashindano yatapita, nyasi zitabaki. Swali ni nani atazikanyaga.

Hesabu ya shilingi mia

Basi tufanye nini? Sitaki kukuachia malalamiko tu. Kwa karatasi, Gor ni klabu ya wanachama. Niliwauliza wateja wangu kumi pale Kibuye, wote wamevaa kijani: nani amewahi kulipia uanachama? Mmoja tu alinyoosha mkono, na hata yeye hakumbuki mwaka gani.

Tuchukue mfano. Watu 10,000 wakitoa shilingi 100 kila mwezi kwa simu, ni milioni 1 kwa mwezi, milioni 12 kwa mwaka. Haitoshi kuendesha klabu nzima, sitakudanganya. Lakini ni pesa isiyotegemea leseni ya kamari wala uchaguzi. Inaweza kupunguza madeni kama yale yaliyotunyima leseni, au kulipa makocha wa watoto hapa Manyatta na Obunga. Na tuko zaidi ya 10,000. Soo moja kwa mwezi, msee. Hiyo ni chapati na chai ya siku moja.

Najua utakachosema, kwa sababu nami nimekisema: "Pesa hizo zitaliwa." Ndiyo, hofu hiyo ni ya haki. Mashabiki wamechoka kuchangia shimo. Kwa hivyo uongozi, wowote ule utakaokuwepo, uanze. Uchapishe hesabu kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili na Dholuo, mahali mvuvi wa Dunga anaweza kuisoma kwenye simu yake: tumepata hiki, tumelipa hiki, tunadaiwa na hawa. PSV na manispaa yao walichunguzwa mpaka na Tume ya Ulaya, na hakuna aliyekufa. Mwenye nyumba safi haogopi wageni.

Na kaunti pia isikwepe. Badala ya kuanzisha timu ya pesa za umma inayozama msimu mmoja, ifanye mkataba na Gor kama Eindhoven walivyofanya: mechi kadhaa za nyumbani kila msimu zichezwe Mamboleo, klabu ilipe kodi, mapato ya mlangoni yajulikane, na watoto wa mitaa wapate kiwanja cha mazoezi siku za kawaida. Mkataba, si ahadi jukwaani.

Sehemu ya mwisho ni yetu sisi mashabiki, na ndiyo inayonichoma. Tunaruka ukuta wa uwanja kisha tunalalamika timu haina pesa. Tunang'oa viti kwa hasira, klabu inapigwa faini, tunasema shirikisho linatuchukia. Tunavaa jezi feki. Na kuna mtu anazileta, anazitandika Kibuye, anawaita wateja kwa sauti.

Nilifikiria kuandika hapa kwamba nimeacha kuziuza. Ingependeza. Lakini kodi ya nyumba ni tarehe 5, na mama bado anauza samaki peke yake. Kwa hivyo bado niko pale, na Jumapili utanikuta. Nilichofanya ni kidogo: nimelipia uanachama, na kwa kila jezi ninayouza naweka kando shilingi 50 mpaka nipate mtaji wa kuagiza jezi halali, hata kama ni tano za kwanza. Nimeshahesabu. Itanichukua miezi kadhaa.

Yule mteja akirudi na kuniuliza tena kama pesa yake inasaidia timu, nitamwambia ukweli: bado, ndugu yangu, lakini njia imeanza. Halafu nami nitamuuliza. Wewe, tangu umeanza kuimba K'Ogalo, umewahi kutoa hata soo moja ikafika klabuni?

Na wewe unayesoma hapa, je?